Zamu ya Nesi Verneta

Ianthe Laurent alikuwa amekwisha kuandika "homa, watatu" kwenye safu ya kisiwa cha Petit Morne ndipo akaisimamisha kalamu. Petit Morne hakukuwa na mtu. Kimbunga cha mwaka jana kilikuwa kimekikwangua kisiwa chote, waliosalia wakahamishwa, na zahanati haikujengwa tena.

"Kuhara, hakuna. Vipele, mmoja," sauti ikaendelea kwenye simu. Nyuma yake maji yalidondoka. "Umeandika, dada?"

"Nimeandika," Ianthe akasema, akakata.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua la Port of Spain limejaa dirishani, wenzake wakitaniana ukumbini. Ofisini mwake mlinuka mwani uliooza.

Sauti aliijua. Kwa miaka kumi na mmoja, kila Jumatatu, Nesi Verneta Cuffy wa zahanati hiyo alimpigia kutoa taarifa ya wagonjwa wa wiki, na namba zikiisha, walipiga soga. Hawakuwahi kuonana. Lakini tangu Ianthe atoke Dominica kuja kwenye shirika hili la afya linalohudumia visiwa vidogo, hakuna mwingine aliyewahi kumuuliza amelalaje.

Siku ya kimbunga, Verneta aliuliza kama aondoke. Ianthe akamsomea agizo lililokuwa mezani: abaki na wagonjwa, mashua inakuja. Mashua haikufika.

Jumatatu iliyofuata simu ikalia tena, na iliyofuata pia. Ianthe akaacha kukata. Jumatatu ya tano alikuta karatasi zake zimelowa chapachapa, na alipozikunjua zikaacha chumvi vidoleni.

"Homa, mmoja," Verneta akasema taratibu. "Mwanamke, miaka hamsini na mbili. Anaishi peke yake."

Ianthe akajigusa shingo. Ilikuwa inawaka.

Siku hiyo alimweleza Mama Ottley, msafishaji wa ofisi, ambaye kanisani kwao Laventille ndiye aliyekuwa akiitwa kufukuza mizuka. Jumatatu ya sita mama huyo alikuja na kengele yake ya shaba, akafunga mlango.

"Huyo hana ubaya nawe, mwanangu," alinong'ona. "Yuko zamu. Wewe ndiye uliyemweka, wewe ndiye wa kumruhusu. Mwambie zamu imekwisha, ukate. Usimtajie mahali popote."

"Hatapiga tena?"

"Kwani wewe unataka apige?"

Simu ikalia, na Mama Ottley akaanza kutikisa kengele polepole, na harufu ya mwani ikapanda kutoka sakafuni mpaka ikawakaba koo, na Ianthe alipoinua mkono wa simu maji yakamchuruzika sikioni, ya baridi, yakashuka shingoni hadi ndani ya blauzi, naye akasikia mbali sana upepo, na watu wanakohoa gizani, na mtu mmoja akiwatuliza kwa sauti ya upole kwamba wasiogope, wameambiwa wasubiri.

"Verneta. Zamu imekwisha. Nenda."

Upepo ukakatika. Kikohozi kikakatika.

"Niende wapi, dada? Huku haikubaki hata nyumba moja."

Mama Ottley alitikisa kichwa kwa nguvu, akanyoosha mkono ili akate simu. Ianthe akamgeuzia mgongo.

"Njoo kwangu," akasema. "Belmont, nyumba ya kijani yenye ngazi za mbao. Nipo peke yangu."

Kengele ikaanguka. Mama Ottley aliiokota, akajipangusa mikono kwenye aproni, akamtazama kama mtu anayeagana na maiti. "Mimi kwako sitakuja," akasema, akatoka.

Jioni Ianthe alipofika nyumbani akakuta taa ya jikoni imewashwa. Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Alisimama kizingitini, sakafu ya sebule ikimeremeta kwa maji kutoka ukuta hadi ukuta.

"Vua viatu, dada," sauti ikaita kutoka jikoni. "Nimedeki."

Ianthe akavua viatu, akaingia, akafunga mlango nyuma yake.