Posho ya Lindo

Asubuhi ile ilikuwa ya kawaida tu katika ngome ya Waingereza pale Virginia: baridi, moshi, na Barnaby mtunza ghala akigawa unga huku akitania watu.

"Dada Tamsin, mumeo yuko lindo bado?" alisema akikonyeza. "Halalamiki hata kidogo. Laiti wote wangekuwa kama yeye!"

Tamsin alipokea kikombe chake cha unga, akaondoka. Humfrey, mumewe, alikuwa amekufa kwa homa tangu theluji ya kwanza.

Ndivyo walivyofanya ngomeni. Kapteni hakutaka wenyeji wa msituni wajue Waingereza wamebaki wachache kiasi gani, kwa hiyo mwanamume akifa alivishwa kofia, akashikishwa bunduki, akafungwa wima kwenye nguzo za boma. Kwa mbali ungeapa ni mzima. Mjane aliyekubali aliendelea kupewa posho ya lindo. Tamsin alikubali mbio mbio, maana binti yao mdogo, Wilmot, alikuwa amebaki mifupa mitupu, na meli ya chakula haijaonekana. Kofia alimvisha Humfrey kwa mikono yake mwenyewe. Uji wote wa posho alimpa mtoto; yeye alilamba mwiko tu.

Adhuhuri alikwenda kumtazama. Humfrey alikuwa amegeuka. Hakuangalia tena msitu. Aliangalia nyumba yao.

"Nani kamgeuza mume wangu?"

Barnaby alisogea, na safari hii hakucheka. "Nilimfunga mwenyewe, dada. Lakini hilo si fundo langu."

Tamsin alilijua. Humfrey alikuwa mwezekaji wa nyasi, na fundo lake, lenye mkia uliochomekwa ndani, hakuna mwingine aliyeliweza.

Alikimbilia kwa Kapteni, akapiga magoti. "Tumzike, Kapteni, nakusihi. Posho sitaki tena."

"Na mtoto ale nini? Theluji?" Kapteni hakuinua hata uso. "Ardhi imeganda. Atalinda mpaka meli ije."

Angekimbilia wapi? Mbele msitu, nyuma bahari.

Jioni Wilmot alikataa uji. "Baba anasema wanaokula posho ya lindo hulinda kwa zamu," alinong'ona. "Amechoka, mama. Anasikia baridi."

"Kakwambia lini?"

"Sasa hivi. Pale dirishani."

Tamsin alikomea mlango na dirisha, akasukumiza sanduku mlangoni, akamkumbatia mtoto kwa nguvu zake zote. Aliapa hatasinzia. Akasinzia.

Kulipokucha mikono yake ilikuwa bado imekumbatia. Alichokumbatia kilikuwa kigumu. Kilikuwa baridi. Alikuwa Humfrey, kichwa wazi, blanketi limevutwa mpaka kidevuni. Komeo lilikuwa palepale. Sanduku palepale.

Alijua pa kwenda kutazama, akaenda. Wilmot alikuwa amesimama bomani, kofia imemfunika macho, bunduki imempita urefu. Alikuwa ameshakufa. Kamba ilifungwa kwa fundo lile.

Meli ilifika mchana huohuo. Watu walishangilia, wakalia, wakala. Tamsin alibebwa kupandishwa melini kama mzigo, naye hakubisha.

Asubuhi ya kwanza baharini alihisi kitu kinambana. Akafunua shuka taratibu. Kamba ya nyasi ilimzunguka kiunoni, imelowa theluji, mkia wake umechomekwa ndani.

Na yeye alikuwa ameulamba ule mwiko.