Muuza Chumvi Mwenye Mikono ya Kombo

"Usinigeuzie mgongo, Hidaya! Yule ni mume wangu!"

"Yule ni muuza chumvi wa kwenye filamu, Tunu. Kafa kabla bibi yako hajazaliwa."

Mtaa mzima wa Makorora ulikuwa umetoka nje ya ukumbi kusikiliza, wengine bado na bisi mkononi. Nani angebaki ndani na filamu bubu wakati ya nje ina sauti?

Filamu ilikuwa na miaka mia na hamsini, nusu yake imeungua. Kifufuapicha kiliijaza upya: mashine hiyo iliazima mienendo ya watu kutoka macho ya milango, zile kamera za kila nyumba, ikawavisha waigizaji wa zamani. Dakika arobaini zikawa saa mbili.

Sasa humo kwenye nyongeza, muuza chumvi anaingia mchana kwa mwanamke jirani, mwenye mwendo wa Hidaya wa ng'ambo ya kichochoro, anakula. Sura si ya Kombo, mumewe Tunu. Lakini kuvua viatu kwa kukanyaga kisigino, kushika kizingiti akikohoa? Tunu aliishi na mambo hayo miaka thelathini. Kombo alikuwa kaburini mwaka wa pili.

"Mashine inabuni?" Tunu alimuuliza mhandisi Lukindo.

"Haibuni, mama. Inaazima tu."

Mtaa ukaguna. Tunu akamgeukia Hidaya.

"Haya, shoga. Alifuata nini kwako?"

Hidaya alimwita mhandisi. "Lukindo, turudishie kipande kile. Mkono uonekane."

Wakarudi ndani. Mkono wa muuza chumvi uliinua tonge, ukatetemeka, wali ukamwagika mkekani. Mwanamke akavuta sahani, akaanza kumlisha.

"Mikono ilimkataa," Hidaya alisema taratibu. "Hakutaka umwone analishwa."

"Mimi nampakulia, ananiambia ameshiba…"

"Na mlango sikuufunga hata siku moja, mtu asije akasema. Jicho lililomwona ni la mlango wako, Tunu."

Tonge mdomoni, muuza chumvi aliinua uso, akawakazia macho watazamaji. Hakuwa anawatazama wao. Alikuwa anatazama ng'ambo ya kichochoro, mlango wa kwake.

Walitoka wawili, Tunu na Hidaya. Kichochoroni, nyuma ya Tunu, jicho la mlango wake liliwaka jekundu, likamfuata hatua kwa hatua.

Hidaya alisukuma mlango, akauacha wazi.

"Karibu ndani, shoga yangu. Kaa pale alipokuwa anakaa. Wali bado wa moto."