Alimkana Dirishani

"Soma tena," Sindano alisema. "Polepole. Ulipofika kwenye mimba ulimeza maneno."

Alikuwa nyuma ya duka la ushonaji, katikati ya marobota ya vitambaa, simu sikioni, mkono mwingine umelishika tumbo la miezi saba. Upande wa pili wa laini, katika nchi ya mbali alikotengeneza lifti za majengo marefu, mumewe alivuta pumzi. Watu walimwita Ghorofa kwa urefu wake, tangu kabla hajaigusa lifti hata moja. Siku hiyo sauti yake ilikuwa ya mtu mfupi sana.

"Wanasema, 'Mume ametueleza kwamba mkewe ni mjamzito. Mke, alipoulizwa ana kwa ana kama ana mtoto au anatarajia mtoto, alijibu hapana. Hatujaridhika kwamba wawili hawa wamo katika ndoa ya kweli. Viza imekataliwa.' Haya, nimesoma."

Sindano akaketi juu ya robota.

"Mimi niliwaambia kwa furaha," Ghorofa akaendelea. "Walinipigia niko kazini, wakauliza habari za mke wangu. Nikasema ana mimba, tunamwita Kijacho, asubuhi anacheza mpaka mama yake anashindwa kuvaa viatu. Hata yule mama aliyenihoji alicheka. Sasa niambie wewe. Ulisema hapana?"

"Nilisema."

"Walikuuliza kwa lugha usiyoielewa?"

"Niliwaelewa vizuri."

"Basi kwa nini ulimkana mwanangu?"

Jibu alikuwa nalo. Tatizo ni kwamba ndani ya jibu hilo alikuwemo mama mzazi wa mwanamume aliyeuliza.

"Nitakueleza," akasema.

"Lini?"

Sindano akaanza kukunja kitambaa kilichokuwa karibu. Ghorofa akakata simu.

Mama mkwe wa Sindano alikuwa msimamizi mstaafu wa bweni la wasichana, mwanamke asiyeogopa kitu duniani isipokuwa dirisha la ofisi ya serikali. Wiki ya mahojiano ya viza alikuja, akafunga mlango, akanong'ona kana kwamba kuta nazo zilikuwa zimeajiriwa ubalozini.

"Mwanangu, ukienda na tumbo hilo watasema unakimbilia hospitali zao. Lifiche. Na mume wako usimwambie, asije akawa anawaza haya huku ananing'inia kwenye nyaya za lifti."

Basi Sindano akashona gauni la marinda yanayoanzia juu kidogo ya kifua, kwa kitambaa kizito kisichong'aa, mikono mipana. Lilikuwa gauni zuri kuliko yote aliyowahi kushona. Dirishani ubalozini, macho ya ofisa yalipita juu yake bila kukwama popote, na alipoulizwa habari za mtoto, neno lilimtoka jepesi, kama mtu anayeulizwa iwapo amebeba mwavuli.

Siku mbili simu haikulia. Jioni ya pili ukaja ujumbe:

*Mwenzangu wa chumba ananiuliza swali ambalo sitaki kuliandika. Nijibu kabla sijaanza kulijibu mwenyewe.*

Sindano akaandika: *Uliza.*

*Kijacho ni wangu?*

Aliilaza simu kifudifudi. Akachukua mkasi, akakata mikono ya sare za shule, mmoja baada ya mwingine, hata baada ya kidole gumba kuanza kuuma. Mama mkwe alimkuta hivyo.

"Mbona umenuna hivyo, kama umejishona mdomo?"

"Viza imekataliwa, Mama."

"Imekataliwa kwa lipi?"

"Kwa tumbo nililoficha. Yeye aliwaambia lipo, mimi nikasema halipo."

Mama mkwe akashika ukingo wa meza. Akaitazama mikono ya sare iliyojaa mezani.

"Umemwambia nani aliyekutuma?"

"Sijamwambia."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Yuko peke yake kule. Akiumwa anamtaja mama yake. Sikutaka nimpunguzie na hilo."

"Na yeye anasemaje?"

Sindano akaigeuza simu. Mama mkwe akasoma, akavua miwani, akaivaa tena, akasoma upya.

"Mpigie. Halafu unipe mimi."

Ghorofa alipokea kabla simu haijaita vizuri. "Mke wangu..."

"Mimi si mke wako. Ni mama yako. Nyamaza kwanza. Mimi ndiye niliyemwambia alifiche tumbo. Mimi ndiye niliyemkataza kukuambia. Nilidhani nina akili. Umesikia?"

"Mama..."

"Sijamaliza. Na hilo swali ulilomwuliza, ungekuwa karibu ningekuzaba kibao. Na urefu wako huo, ningepanda stuli!"

Akamrudishia Sindano simu, akatoka nje, akasimama akiupa mlango mgongo.

"Nisamehe," Ghorofa alisema.

"Uliamini kweli?"

Alimsikia akitoka chumbani, mlango ukifungwa nyuma yake.

"Nauliza ili nijue, si ili tugombane."

"Mchana sikuamini," akasema. "Nikilala niliamini."

Kama uwongo ungemuuma kidogo kuliko ukweli huo, Sindano hakujua. Alichojua ni kwamba sasa hakukuwa na kitu kilichofichwa kati yao, na kwamba utupu huo ulikuwa baridi.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini bado inaniuma, usije ukashangaa ukinisikia nimepoa." Kisha, kwa mara ya kwanza tangu waoane, akamwomba: "Rudi. Tuachane na viza. Rudi uwepo akizaliwa."

"Pasipoti yangu wanayo watu wa uhamiaji. Kibali changu cha kazi kinahuishwa."

"Watakupa lini?"

"Nimeuliza mpaka mlinzi ananijua kwa jina. Hawasemi." Akakohoa. "Nimeulizia na rufaa ya viza yako. Wanataka kipimo cha vinasaba. Mtoto akishazaliwa."

"Yaani yeye ndiye aje atoe ushahidi kwamba mimi ni mke wako?"

"Ndiyo."

"Hata jina hana."

"Najua, mke wangu. Najua."

Kijacho alikuwa msichana. Alizaliwa asubuhi ya mvua, mtandao ukikatika kila wingu lilipopita, na Ghorofa, aliyekuwa ameahidiwa uso wa mwanawe, alionyeshwa dari ya wodi kwa muda mrefu kwa sababu bibi alikuwa ameishika simu juu chini huku akilia. Kipimo kilifanywa mtoto alipoanza kuikaza shingo. Muuguzi alimpitishia pamba ndani ya shavu, mtoto akainyonya. Majibu yalisema baba ni Ghorofa, pasipo shaka yoyote. Mama mkwe akapiga vigelegele hadi wateja wakaingia dukani wakidhani kuna harusi.

Uamuzi wa rufaa ulichukua miezi. Ghorofa alipopiga simu, Sindano alitambua kwa namna alivyosalimia.

"Wamekataa," akasema mwenyewe.

"Wanasema mtoto ni wangu, hawana ubishi. Ila mama yake alimdanganya ofisa wa serikali, na hilo halifutwi na pamba. Usiombe tena mpaka miaka mingi ipite."

"Haya."

"Kuna jingine. Mtoto wamemkubali. Anaweza kuja. Wewe hapana."

Mtoto alikuwa juu ya mkeka, akijaribu kukaa, akianguka upande mmoja, akijaribu tena. Sindano alimtazama akianguka mara nyingi kabla ya kusema.

"Unamtaka?"

"Usiniulize hivyo."

"Nakuuliza kama baba yake."

"Namtaka mpaka nashindwa kula. Halafu atalala na nani, mimi niko ndani ya lifti kutwa nzima? Akiamka akakutafuta, nimwambie nini? Sitamtoa mikononi mwako nikajiita baba."

"Basi."

"Basi," Ghorofa akarudia.

"Na pasipoti?"

"Bado."

Nje, mama mkwe alikuwa akibishana na mteja juu ya urefu wa suruali. Hakuna aliyetaja rufaa nyingine wala mwaka ujao.

"Mama aliniambia mtoto ameota jino," Ghorofa alisema mwishowe.

"Moja. La chini."

"Naomba nilione."

Sindano akawasha kamera, akapiga magoti mkekani, akaushusha mdomo wa mtoto taratibu kwa ncha ya kidole. Jino lilikuwa dogo, jeupe, limechomoza nusu tu. Mtoto akakiuma kidole. Sindano hakukitoa. Ghorofa alitazama tu, hadi mtandao ulipomchukua.