Mwaka Ambao Hatukuchoma Malisho

Kwetu huku Kansas, kila Aprili tunachoma malisho. Moto unakula majani makavu, nyasi mbichi zinachipua, ng'ombe wananenepa. Baba yangu, Lowell, ndiye aliyekuwa akiwasha. Mama alimfuata na gari la maji. Jioni sote tulinuka moshi. Tulikula maharage ya pilipili na mikate ya mdalasini, na baba aliimba. Jamani, aliimba vibaya mno!

Majira ya baridi yaliyopita baba alifariki. Hii ilikuwa Aprili ya kwanza bila yeye. Na mvua nayo, mwaka wa pili sasa, ilikuwa imetupiga chenga.

"Kesho tunachoma," mama alisema. Mama anaitwa Ardis, na akisema kesho, ni kesho.

"Mama, ardhi imekauka mno."

"Baba yako hakuruka hata mwaka mmoja. Nimemkumbuka, Janelle. Nataka kunusa ule moshi wake."

Hata mimi nilikuwa nimemkumbuka. Kofia yake bado ilining'inia mlangoni, na kila nikiiona moyo uliniuma.

Asubuhi jirani yetu Corrine alifika. Yeye amesomea nyasi chuoni, na baba alizoea kumtania kwa kumwita Daktari wa Majani. Kila mwaka huja na gari la maji kutusaidia. Safari hii alikuja na sepetu tu.

"Haya, Daktari," mama akasema. "Leo mgonjwa ni nani?"

"Malisho yako, Mama Janelle. Usiyachome mwaka huu."

"Umeanza! Nyasi zenyewe zimeshakufa. Tazama, kijivu tupu. Bora moto uziamshe."

"Zimekufa? Hebu njoo."

Corrine akachimba kando ya shina moja. Sepetu ikagonga jiwe, akalitukana, akaendelea. Chini ya udongo tukaona vichipukizi vidogo vyeupe. Mizizi ilizidi kushuka, hatukuuona mwisho wake.

"Ona, ziko hai," alisema. "Mizizi ya nyasi hizi hushuka kupita kimo cha mtu. Ukame ukija hazihangaiki kurefuka. Zinatunza nguvu chini, zinangoja mvua."

"Kama uhai uko chini, moto wa juu utaudhuru nini?" Mama si mtu wa kukubali upesi.

"Mwaka wa mvua, moto unafaa. Tena tusipochoma kabisa, miti itavamia malisho. Lakini mwaka mkavu, haya majani makuukuu ndiyo blanketi. Yanazuia jua na upepo visimalize unyevu uliobaki. Ukiyachoma, ardhi inabaki uchi. Na ng'ombe wapunguze. Wakila nyasi hadi chini, mizizi itapata wapi chakula? Majani mabichi ndiyo yanayoilisha."

"Lowell angechoma."

"Mama Janelle, Lowell alikuwa akipiga magoti kabla ya kuwasha. Unakumbuka?"

"Alikuwa anasali."

"Alikuwa anashika udongo! Akikuta hauna unyevu, anangoja. Mwaka ule mlichoma Mei, ulidhani ni kwa nini?"

Mama akapiga magoti mahali palepale, akachota udongo. Ulimponyoka vidoleni.

"Vumbi," alisema. "Vumbi tupu, Lowell." Akalia, na mimi nikalia naye.

Hatukuchoma. Nusu ya ng'ombe tuliwapeleka kwa mjomba, ambako mvua ilikuwa nzuri kidogo. Waliobaki tuliwahamisha kabla hawajazila nyasi hadi chini. Juni mvua ilinyesha mara mbili tu. Siku chache baadaye, katikati ya ule ukijivu, kijani kikatokea. Ng'ambo ya uzio, jirani mwingine alikuwa amechoma. Kwake nyasi zilikuwa chache na fupi, na udongo ulionekana wazi.

Kufika Septemba nyasi zetu zilinifika kiunoni. Enzi za baba zilinipita kichwa. Lakini zilikuwa hai.

Jioni moja mama alikata konzi ya nyasi kavu. Akaiweka ndani ya sufuria ya chuma barazani, ndoo ya maji kando, akaiwasha. Moshi ukapanda. Mama akafumba macho, akaunusa.

Halafu akaanza kuimba wimbo wa baba. Kumbe naye anaimba vibaya mno.