Shati la Mtu wa Koridoni

Kwenye ramani ile walitakiwa wawepo watu wawili. Walikuwepo watatu.

Mkamwana aliwahesabu kwenye skrini kwa ncha ya kalamu, akicheka. Mmoja alikuwa mama mkwe wake, ameketi kwenye cherehani. Wa pili alikuwa yeye mwenyewe, chumba cha nyuma, mbele ya meza. Wa tatu alisimama koridoni, ameelekea ukuta, hana uso wala rangi ya nguo.

"Mama, huyu wa koridoni umemweka lini?"

"Mimi?" Mama mkwe alisogeza miwani. "Nilidhani ni wewe, fundi mwenzangu."

Waliitana hivyo, fundi kwa fundi. Mmoja alikuwa fundi cherehani tangu ujana wake. Mwingine aliandika programu za kompyuta, na kwa miezi saba sasa alikuwa akitengeneza chombo chepesi cha kuundia michezo, ile ambayo mchezaji anavaa uhusika wa mtu fulani, anazunguka mjini, anaongea na watu na kutumwa kazi. Alitaka hata asiyejua lolote aweze kutunga mchezo wake: unapanga viraba, vile vipande vya mraba vya sakafu, kuta na milango, unaweka watu, unawaandikia maneno ya kusema, basi. Mama mkwe ndiye aliyekijaribu, maana akikiweza yeye, atakiweza yeyote. Jina pia lilitoka kwake. Alipoona jinsi viraba vinavyoungwa kimoja kimoja alisema, "Hii si kazi ya viraka tu, mwanangu?" na chombo kikaitwa Kiraka.

Kwa mchezo wake wa kwanza mama mkwe alichora nyumba yao wenyewe. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliopita. Mwanawe wa pekee, mume wa mkamwana, alikuwa dereva wa malori ya mbali. Mchana kutwa nyumba ilikuwa na wanawake wawili, kila mmoja chumbani kwake na kazi yake.

Mkamwana alimfuta yule mtu wa tatu, akahifadhi faili, akaenda kupika. Kosa dogo la programu. Alishaona makubwa kuliko hilo.

Kesho yake mtu alikuwa palepale, na sasa alikuwa na shati la kijivu.

"Hilo nimemvisha mimi," mama mkwe alisema kwa sauti ya mtu aliyefumaniwa. "Anavyosimama... kama marehemu baba yenu. Mwache tu."

"Haya, mama. Basi mwandikie la kusema."

"Ameshasema."

"Amesema nini?"

"Kasema amefika."

Mkamwana alirudi chumbani kwake akalifungua faili. Mahali pa maneno ya yule mtu palikuwa patupu. Akauwasha mchezo, akamtembeza mhusika wake hadi koridoni, akabofya. Herufi zikaanza kujitokeza moja moja kwenye skrini: *Nimefika. Mbona mlango umefungwa?*

Alizima kompyuta. Alipoiwasha tena aliisoma programu yote, mstari kwa mstari, mpaka macho yakamuuma. Sentensi ile haikuwemo popote.

Ndipo ilipoanza harufu. Ilikuja mchana, jua likiwa kali, harufu ya nguo mbichi iliyounguzwa na pasi, na pasi yenyewe ilikuwa baridi rafuni. Kisha zikaja hatua. Hazikuwa hatua za mtu anayetembea. Ilikuwa moja, halafu kimya kirefu, halafu nyingine, kama mtu anayehama kiraba kimoja na kusubiri aruhusiwe kingine. Na kila mkamwana alipofungua ramani asubuhi, hata siku ambazo hakuna aliyeigusa, yule mtu alikuwa amesogea kiraba kimoja, na ukuta aliokuwa ameuelekea hakuuelekea tena, bali aliuelekea mlango wa chumba cha cherehani, ambacho siku hizo kilifungwa kwa ndani kuanzia saa nane hadi saa kumi, na ambamo mama mkwe, aliyekuwa hali tena cha maana na aliyekonda hadi pete ikamtoka kidoleni, alisikika akicheka taratibu kama msichana anayenong'onezwa jambo.

Siku ya tisa alikuta mlango umesahauliwa wazi. Mama mkwe alikuwa bafuni. Juu ya cherehani kulikuwa na shati la kijivu, kazi safi, kola imenyooka, na mkamwana akaliinua alitazame, akaliinua zaidi, akanyoosha mikono yote miwili juu ya kichwa, na bado mikono ya shati ilikuwa inaburuta sakafuni.

"Liache," mama mkwe alinong'ona nyuma yake. "Bado vifungo."

"Mama, hili ni la nani?"

"La mwenyewe. Vipimo kanipa mwenyewe."

"Baba hakuwa na mikono hii."

Mama mkwe alilichukua shati na kulikunja kama mtu anayekunja nguo za mtoto mchanga.

Mkamwana alimpigia mumewe simu. Mumewe alisikiliza huku lori likinguruma, akasema tu, "Nitamtuma mtu. Usimwache mama peke yake."

Mganga aliyekuja alikuwa mwanamume wa makamo, viatu vimeng'arishwa, ameshika mfuko wa plastiki wenye chumvi na chupa ya maji. Alisimama koridoni, akavuta pumzi puani, akarudi hatua moja. "Mlimwambia nini alipokuja?"

"Hatukumwambia kitu."

"Hawaingii hivihivi, dada. Kuna aliyemkaribisha."

Mkamwana alikumbuka. Kila mtu mpya aliyewekwa kwenye Kiraka alipokewa na salamu aliyoiandika yeye mwenyewe, ili anayejifunza asikute skrini tupu: *Karibu. Hapa ni kwako.*

Mganga alimgeukia mama mkwe, akamsemesha kwa heshima. "Mama, shati umelishona wewe. Wewe ndiye wa kulikata, na wewe ndiye wa kumwambia kwamba hapa si kwake. Mimi nitasoma tu."

"Sitaki."

"Mama, si baba huyo," mkamwana alisema, machozi yakimtoka. "Si yeye!"

"Unadhani sijui?" Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Baba yenu alikuwa na kigugumizi. Wageni walidhani ni mpole, kumbe maneno yanamkwama. Jina langu tu lilimchukua muda, nami nilikuwa namngoja. Huyu hajakwama hata mara moja. Nilijua tangu siku ya kwanza."

"Sasa kwa nini, mama?"

"Nikimfukuza nitabaki na nani mchana kutwa?"

"Mimi nipo."

"Wewe upo kwenye kompyuta yako, mwanangu."

Koridoni hatua ilisikika, kisha nyingine, mara hii bila kusubiri. Mganga alianza kusoma kwa nguvu. Mkamwana aliweka mkasi kwenye kiganja cha mama mkwe na mkono wake juu ya mkono ule. Walikata pamoja, mkono wa kulia wa shati, kisha wa kushoto, na harufu ya kuungua ikajaa hadi wakakohoa. "Hapa si kwako," mama mkwe alisema akilia. "Nenda." Kitu kizito kiligonga mlango mara moja. Halafu kimya, na hewa ikawa ya kawaida.

Jioni ile mkamwana alikifuta Kiraka chote, miezi saba ya kazi, bila kubakiza nakala. Kesho yake alihamishia meza yake chumba cha cherehani. Mama mkwe alianza kula. Walibishana, walicheka, na kwa wiki tatu mwanamke yule alinenepa hadi pete ikamkaa.

Alasiri moja mkamwana alikwenda jikoni kuchemsha chai. Kompyuta aliiacha imezimwa. Alipokuwa anarudi na birika, alisikia sauti ya mwanamume kwenye mlango wa chumba cha cherehani, ya chini na ya upole, na hapo mlangoni hapakuwa na mtu.

"Fu... fu... fungu..."

Alisimama koridoni, birika likimuunguza vidole. Kule ndani cherehani ilinyamaza. Mama mkwe hakupiga kelele wala hakumwita. Alikuwa kimya, akingoja, kwa subira ya mtu aliyezoea kungoja neno limalizike.