Uwanja wa Ng'ombe wa Harlan Brekke

Harlan Brekke alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa huko Wisconsin, Marekani. Alikuwa na ng'ombe sitini na wanne. Mkewe alikuwa amefariki, hivyo kazi ilikuwa yake na ya binti yake Signe, mwenye miaka ishirini na minane. Kila siku saa kumi na moja alfajiri walikuwa bandani wakikamua. Baada ya kukamua walikunywa kahawa na kula mayai, kisha wakarudi bandani kuzoa samadi.

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu, theluji ikiwa inayeyuka, jirani yao Arletta Dvorak aliingia jikoni bila kubisha. Arletta alikaa peke yake bondeni, chini ya shamba la Harlan. Aliweka chupa ya maji mezani. Maji yalikuwa na rangi ya chai.

"Haya yametoka kwenye bomba langu," alisema. "Kunywa, Harlan."

Harlan aliivuta chupa karibu, akainusa, akaisukuma mbali.

"Hata wewe huyataki," Arletta alisema. "Mimi tumbo limenisumbua wiki mbili. Daktari kaniambia nipime kisima. Nimepima. Kuna vijidudu vya mavi ya ng'ombe. Sasa niambie, kuna ng'ombe wa nani pale juu zaidi ya wako?"

Harlan aligeukia dirisha la upande wa banda. Aliujua ukweli. Nyuma ya banda kulikuwa na uwanja wa udongo mtupu ambako ng'ombe walisimama mchana kutwa. Maji ya paa la banda yalimwagika palepale. Mvua ikinyesha au theluji ikiyeyuka, yalizoa samadi, yakashuka mtaroni na kupita kando ya kisima cha Arletta hadi kijitoni. Zamani samaki walikuwa wengi pale. Siku hizi kijito kilikuwa na mwani wa kijani tu.

"Nitarekebisha," alisema. "Jumatatu naazima mashine ya kuchimba kwa binamu yangu. Nitajenga sakafu ya zege mwenyewe."

Arletta alipoondoka, Signe alisema, "Baba, kwanza tuulize ofisi ya kaunti. Nasikia serikali inasaidia kazi kama hizi."

"Kaunti! Wale wakifika hapa watapima hata pumzi za ng'ombe. Halafu watatufungia."

"Na zege utanunua kwa kitu gani? Kwa ndevu zako?"

Harlan alicheka bila kupenda. Signe akapiga simu.

Ijumaa alikuja Tess Kowalke, afisa wa ardhi na maji wa kaunti. Alivaa mabuti ya mpira na hakuogopa matope. Alizunguka banda, akatazama paa, akafuata mtaro hadi kisimani kwa Arletta. Aliporudi, Harlan alimngoja mlangoni, mikono kifuani.

"Haya dada, faini yangu iko wapi?"

"Sikuja na faini, Bwana Brekke. Nina maswali tu. Ng'ombe wako wangapi?"

"Sitini na wanne."

"Vizuri. Mashamba makubwa sana, yenye kibali maalumu, hayaingii katika mpango huu wa msaada wa serikali. Wewe unaingia. Unafikiria kuongeza ng'ombe?"

Harlan alimtazama Signe. "Nilitaka kufikisha mia."

"Basi elewa hili. Fedha hizi ni za kuondoa uchafuzi uliopo leo. Hazijengi nafasi ya ng'ombe ambao bado hawajaja. Tutapima kazi kwa hawa sitini na wanne."

"Sawa. Nipe fomu nijaze, Jumatatu nianze kuchimba."

Tess aliinua mkono. "Hapana! Usichimbe hata koleo moja."

"Kwa nini? Ni shamba langu!"

"Ni lako. Lakini kazi ikianza kabla mkataba wa msaada haujasainiwa, hailipwi. Mwaka jana mfugaji mmoja alimwaga zege mwezi mmoja mapema. Kazi yake ilikuwa safi kabisa, lakini hakupata msaada hata kidogo. Na fomu si yako kujaza. Msaada huu hauombwi na mkulima. Kaunti ndiyo inayoomba kwa niaba yako. Wewe unatupa ruhusa na vipimo."

"Na kaunti ikiomba, tunapata?" Signe aliuliza.

"Siwezi kuahidi. Maombi ni mengi, na yanashindanishwa. Ila mna nguvu. Kijito chenu kimo katika orodha ya maji yaliyochafuka. Bonde hili lina mpango uliopitishwa wa kuyasafisha. Na kisima cha jirani kimeharibika, hilo lina uzito. Mkikubaliwa, serikali italipa hadi sehemu saba katika kumi za gharama. Tatu ni zenu. Kazi ya mikono yako na trekta yako inaweza kuhesabiwa humo, mkiiandika vizuri."

"Majibu lini?"

"Majira ya majani kupukutika. Ujenzi mwaka ujao."

Harlan alipiga mlango teke. "Arletta anywe matope mwaka mzima?"

"Hapana," Tess alisema kwa upole. "Kuna mambo ya kufanya leo ambayo si ujenzi. Wahamishe ng'ombe malisho ya juu. Zoa uwanja kabla ya kila mvua. Na Arletta asinywe maji ya kisima mpaka yapimwe tena."

Jioni ileile Harlan alimpigia binamu yake simu na kumwambia abaki na mashine yake. Kisha akapeleka madumu ya maji safi kwa Arletta. Tangu hapo aliendelea kufanya hivyo kila Jumamosi. Mwanzoni Arletta aliyapokea mlangoni na kufunga mlango. Kufikia mwezi wa saba alikuwa akimkaribisha ndani kwa chapati za viazi.

Mwezi wa kumi, Tess alirudi akitabasamu. Walikuwa wamekubaliwa. Alitandaza mkataba mezani.

"Kuna sharti moja la mwisho," alisema. "Mtatunza kila kitu kwa miaka kumi. Shamba likiuzwa, mnunuzi anarithi jukumu hilo."

Harlan alishika kalamu, lakini hakuandika. Alikuwa na miaka sitini na sita. Kwa muda mrefu aliogopa kumuuliza binti yake swali moja. Sasa hakuwa na pa kulikwepa.

"Signe, miaka kumi mimi peke yangu siiwezi. Wewe utakuwepo?"

"Baba, kwani ulidhani naenda wapi?"

"Sijui. Vijana wote wanaondoka. Sikutaka kukushika kwa nguvu."

"Hujanishika. Mimi ndiye niliyepiga simu, umesahau?" Alichukua kalamu mkononi mwa baba yake. "Dada Tess, wawili tunaruhusiwa kusaini?"

"Mnaruhusiwa."

Masika yaliyofuata walijenga. Paa la banda lilipata mifereji iliyopeleka maji safi mbali na uwanja. Uwanja ukawa sakafu ya zege yenye ukingo, na samadi ikahifadhiwa katika shimo la zege. Kati ya uwanja na mtaro wakapanda ukanda mpana wa nyasi. Tess alikagua kila hatua kabla ya malipo.

Mwezi wa tisa ilinyesha mvua kubwa siku mbili mfululizo. Kisima cha Arletta kilikuwa kimesafishwa kwa dawa. Alingoja wiki moja, akapeleka maji yake kupimwa. Majibu yalikuja kwa barua. Alipanda nayo kilima mwenyewe, akihema, na kuwakuta Harlan na Signe wakikata nyasi za ule ukanda.

"Someni," alisema. "Miwani yangu nimeiacha nyumbani, na siamini nilichokiona."

Signe alisoma kwa sauti. Hapakuwa na kijidudu hata kimoja.

Arletta alikaa palepale kwenye nyasi zilizokatwa, akaanza kucheka, na Harlan akaiacha mashine ya kukatia nyasi, akaketi karibu naye.