Sharubati ya Komamanga kwa Nadhir

Ijumaa asubuhi soko la mbuzi la Nizwa, Omani, halina adabu. Watu wanasukumana, mbuzi wanalia, kila mtu anataka apite yeye. Radhia alikuwa amechuchumaa kwa muuza makomamanga ya mlima wa Jabal Akhdar, abaya yake nyeusi ina utepe wa kijani mikononi, mara beberu akatia miguu ndani ya kikapu chake. Mwisho wa kamba ya yule beberu alikuwa kijana mrefu, kavaa dishidasha, ile kanzu ya Kiomani, rangi ya maziwa, kofia imemwendea upande.

"Samahani, dada. Nimemnunua sasa hivi, hatujazoeana."

"Na Kiswahili chenyewe cha Bujumbura," Radhia alisema. "Weye unamwongoza mbuzi, au yeye anakuongoza weye?"

"Leo ananiongoza yeye. Na kanileta pazuri."

Radhia akacheka bila kutaka. Kijana akainama kuokota makomamanga, mikono inamtetemeka. Radhia akadhani ni haya.

Aliitwa Nadhir. Mama yake, Bi Badriya, alirudi kutoka Burundi akakaa Sur, mji wa pwani. Yeye mwenyewe alikuwa na karakana ya magari Firq, nje kidogo ya Nizwa. Radhia watu wao wa Unguja, na alisomesha bayolojia skuli ya wasichana. Ilikuwa mwaka elfu mbili na tatu, simu za mkononi zimeshaenea, basi hazikupoa.

"Umekula, roho yangu?" Radhia alimuuliza.

"Nimekula sauti yako."

"Hebu! Hiyo haishibishi."

Posa ilipokwisha kukubaliwa, Nadhir akamwambia kwenye simu. "Radhia, mimi nakunywa."

"Unakunywa nini?"

"Usinifanye niitaje."

Radhia angeweza kurudisha pete ya uchumba. Badala yake alikwenda kusoma kwenye kompyuta za maktaba. Akakuta wataalamu waliowalevya panya, na baadhi yao wakawapa pamoja na pombe maganda ya komamanga au manjano. Bongo za hao hazikuharibika sana kama za wenzao. Kuna vitu ndani ya mimea, waliandika, vinazuia mwili usiliwe kama chuma kinavyoliwa na kutu. Radhia alitoka pale anatembea haraka, kama kwamba ameshaponya mtu.

Akamhadithia Nadhir habari ya wale panya, na tangu hapo akawa anapeleka chupa ya sharubati mlangoni pa karakana.

"Kunywa hii. Na ile nyingine uache."

"Nitaacha, habibti."

Akanywa zote mbili. Na alipoulizwa, alitania. "Haraka ya nini? Ubongo si unaulinda wewe?"

"Wale walikuwa panya, Nadhir."

"Na hawana mchumba kama wangu."

Radhia alicheka. Hapo ndipo alipokosea, maana Nadhir alikichukua kile kicheko kuwa ruhusa.

Ulipoingia msimu wa baridi Nadhir alishaacha kula. Akawa anapepesuka, macho yanamcheza, anasahau gari la nani limo karakana. Bi Badriya akaja kutoka Sur, yeye na Radhia wakampeleka hospitali. Daktari, Msudani mpole, akauliza, "Anakunywa pombe?"

"Audhubillahi," alisema Bi Badriya. "Mwanangu hajui hata harufu yake." Kisha akamgeukia Radhia.

Kwa watu wao aibu ya mtu hufunikwa, na anayeifunika anategemea Mungu amfunike yeye siku ya Kiama. Daktari alikuwa anangoja.

"Hapana, daktari," Radhia alisema. "Anakunywa sharubati ya komamanga."

Wakamtundikia dripu ya sukari. Asubuhi yake Nadhir hakujua yuko wapi. Radhia akamkimbilia daktari kwenye ujia akamwambia yote.

Daktari alimwita muuguzi. "Mlevi asiyekula huishiwa na vitamini, binti yangu. B1. Tungejua, tungempa hiyo kwanza, kabla ya sukari; sukari peke yake humaliza hata ile kidogo iliyobaki. Komamanga halifanyi kazi hiyo."

Sindano zikapigwa. Macho yakatulia, miguu ikapata nguvu kidogo. Kumbukumbu haikurudi. Bi Badriya alimnunia Radhia tangu siku ile. Si kwa kusema uongo, kwa kusema kweli.

Miezi ikapita, ndugu yake Radhia, Zakariya, akaivunja posa. Akampeleka dada yake Sur, nyumbani kwa Bi Badriya, kuaga, mwenyewe akangoja garini. Nadhir alikuwa sebuleni, dishidasha nyeupe imepigwa pasi, ndevu zimepunguzwa vizuri na mama yake. Uzuri wake wote ulikuwepo.

"Radhia wangu. Watoto umewaacha wapi?"

"Hatuna watoto, Nadhir. Hatujaoana."

"Mbona jana walikuwa hapa wanacheza?" Akawaza kidogo. "Nina nini mimi? Mama anasema homa."

Bi Badriya alikuwa mlangoni pa jiko. "Mwambie ni homa," alisema.

"Ni pombe, Nadhir. Nilikuwa nakupa komamanga nikijidai nimekupa dawa. Daktari akauliza, nikamdanganya, ukatibiwa umechelewa."

Nadhir alilia kama aliyepewa habari ya msiba. Alilia mpaka mabega yakamtikisika, akajifuta kwa mkono wa dishidasha, akatazama dirishani. Nje Zakariya akapiga honi. Nadhir akageuka, uso wote umejaa furaha.

"Radhia wangu, umekuja. Nina nini mimi? Mama anasema homa."

Honi ikalia tena. Bi Badriya alimtazama Radhia, safari hii anamsihi. Radhia akaweka mkoba chini, akakaa karibu na Nadhir, akaanza kumwambia tena, toka mwanzo.